Semina imekwisha, mtoto bado yuko ofisini

Kwa Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Dodoma.

YAH: MAFUNZO YA WANAOWAHUDUMIA WATOTO WALIOFANYIWA UKATILI

Mheshimiwa Waziri,

Cheti cha semina ya siku mbili huwa na mhuri, nembo ya mfadhili na sahihi mbili. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kuwa na vyeti vya namna hiyo vya kujaza faili zima: ukatili wa kijinsia, unasihi wa awali, ulinzi wa mtoto, afya ya akili kwa vijana, ujazaji wa fomu za mfumo mpya. Jumatatu anarudi kituoni na kumkuta mama ameketi kwenye benchi na binti wa miaka tisa asiyetaka kumtazama mtu usoni. Katika vyeti vyote vile hakuna hata kimoja kilichomwachia namba ya mtu wa kumpigia jioni ile na kumwuliza: nimemwambia hivi, mtoto kanyamaza, sasa nifanyeje?

Ninakuandikia kuhusu mtu huyo wa kupigiwa simu. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nimekaa semina nikiwa mshiriki na nimesimama mbele nikiwa mwezeshaji. Ombi langu ni moja: sehemu ya fedha tunazotumia kuwakusanya watumishi hotelini ihamie kwenye kuwasimamia kitaaluma wakisharudi kazini, kila wiki au kila baada ya wiki mbili, mwaka mzima. Mengine nitakayoyasema yanatoka hapo.

Sitaanza kwa lawama, maana yaliyofanyika si madogo. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa ulioshirikisha UNICEF, CDC ya Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili, na baada ya hapo hakuna aliyeweza tena kusema hajui. Karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja hivi kati ya saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Mtoto. Yakafuata Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, ambayo leo ni zaidi ya 400. Ikaja simu ya bure namba 116. Vikaja vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, Zanzibar ikitangulia na kile cha Mnazi Mmoja. Ukaja MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, wa kwanza mwaka 2017, kisha wa pili uliozinduliwa 2024, na kamati zake zinateremka hadi kijijini na mtaani.

Lakini utafiti uleule ulikuwa na hesabu nyingine ambayo haikupata kuandikwa kwenye mabango. Kati ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono, takriban nusu ndio waliomwambia mtu. Aliyetafuta huduma ni mmoja kati ya watano, na aliyeipata ni kama mmoja kati ya wanane. Kwa hiyo mtoto anayefika leo kwenye dawati amevuka mengi. Ameishinda aibu, ameshinda kikao cha ukoo kilichotaka yaishe kwa mbuzi wawili na maneno ya kusameheana, na mama yake ameshinda nauli. Anayempokea hana ruhusa ya kubahatisha.

Sasa tazama anavyopokelewa. Watoto wetu hulelewa kumwitikia mkubwa, na mwenye sare ni mkubwa zaidi ya wakubwa. Askari akiuliza, "Ni mjomba ndiye aliyekushika, siyo?" mtoto mwenye adabu atajibu ndiyo, awe ameshikwa na mjomba au na mtu mwingine kabisa. Kesho mwingine akiuliza, "Lakini una hakika siyo jirani?" atatulia kidogo, kisha ataitikia tena. Wiki ijayo wakili wa utetezi atazisoma kauli hizo mbili kwa sauti, na hapo mtoto ameshakuwa mwongo mbele ya watu. Hakuna aliyekusudia hivyo. Askari alidhani anamsaidia.

Namna ya kumhoji mtoto inafahamika vizuri. Humtangulizii jina, humtangulizii tendo. Kwanza unazungumza naye mambo ya kawaida, shule, michezo, ili azoee kusimulia. Unamwambia kwamba akisema "sijui" si kosa, na kwamba wewe hukuwapo kwa hiyo akikuona umekosea akusahihishe, jambo ambalo mtoto wa kwetu hajawahi kuruhusiwa na mtu mzima yeyote. Halafu unasema: niambie yote yaliyotokea. Unanyamaza. Akisema "alinifanyia tabia mbaya" humalizii wewe, unamwambia: nieleze hiyo tabia mbaya ilivyokuwa. Ukiiandika karatasini inaonekana kazi nyepesi. Ukikaa mbele ya mtoto anayelia, huku mama anakukatiza na simu ya mkuu wa kituo inaita, ulimi unarudi wenyewe kwenye "ni nani, ni lini, ni mjomba?"

Na hapo ndipo utafiti unapotusuta. Michael Lamb na wenzake nchini Marekani, watu waliotengeneza mwongozo wa mahojiano unaotumiwa na nchi nyingi, waliwafundisha wahojaji, wakawa wanasoma mahojiano yao na kuwarudishia maoni mara kwa mara. Wahojaji wakawa wazuri. Kisha maoni yakakoma. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2002, ndani ya miezi sita tu tangu usimamizi ukome, ubora ulikuwa umeshaporomoka: maswali ya wazi yamepungua, ya kuongoza yamerudi. Hao walikuwa wamepata mafunzo ya kina, si semina ya siku mbili yenye chai ya saa nne. Kama wao walirudi nyuma, sisi tunategemea nini?

Kuhoji vibaya kunaumiza pande zote mbili. Huko California, kuanzia 1983, mamia ya watoto wa shule ya awali ya McMartin walihojiwa kwa wiki na miezi na watu waliokuwa na nia njema na vikaragosi mikononi, wakishawishiwa waseme na wakisifiwa waliposema. Kesi ilichukua miaka saba na ikaisha 1990 bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani. Hadi leo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama kuna mtoto yeyote pale aliyedhulumiwa kweli, kwa sababu mahojiano yenyewe yalikwisha kuuchafua ushahidi.

Kwetu, madhara ya kutofundishwa yanasomeka wazi mahakamani. Hadi 2016 hakimu alitakiwa kwanza kumpima mtoto wa umri usiozidi miaka 14 kama anaelewa maana ya kiapo. Mwaka huo kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kikarekebishwa: mtoto aweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi kwanza aahidi kuiambia mahakama ukweli na kutosema uongo. Ahadi yenyewe ni ya nusu dakika. Hata hivyo mwaka 2019 Mahakama ya Rufani, ikiwa imeketi Bukoba, iliuona ushahidi wa mtoto katika kesi ya ubakaji kuwa hauna thamani kwa sababu mahakama ya chini haikuichukua ahadi hiyo kabla hajaanza kusema. Majaji hawakuishia hapo. Waliwaandikia mahakimu mfano wa maswali mepesi ya kumwuliza mtoto: umri wake, dini yake, kama anaelewa kiapo ni nini, na kama anaahidi kusema kweli. Niliposoma hukumu ile niliiona kama somo lililofika darasani miaka mitatu baada ya mtihani. Sheria ilikuwa imebadilika, na aliyetakiwa kuitumia mbele ya mtoto hakuwa na mtu wa kumkumbusha.

Kwa daktari nitapita haraka, ingawa si kwamba hakuna la kusema. Bado wapo watoa huduma wanaomtuma mama akafuate fomu ya PF3 polisi kabla ya kumgusa mtoto, wakati dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Tukio la Ijumaa jioni, PF3 ya Jumatatu mchana, zimebaki saa chache tu. Na bado wapo wanaoandika "bikira ipo" kana kwamba wamefunga kesi. Mwaka 1994 Joyce Adams na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 236 ambao waliowadhulumu walikuwa wamekwisha kutiwa hatiani. Kati ya wasichana, asilimia 14 tu ndio waliokutwa na dalili zisizo za kawaida katika sehemu za siri. Kukuta mwili uko kawaida ndiyo kawaida yenyewe. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walitaka vipimo vya bikira vikomeshwe kabisa. Tabibu wa kituo cha afya cha kata hana kosa kama hakuna aliyemfikishia hayo, lakini fomu anayoijaza ndiyo itakayosomwa mahakamani.

Baada ya fomu, mtoto anarudi nyumbani, na hapo ndipo kazi ndefu inapoanza. Anakojoa kitandani akiwa darasa la tano. Anasinzia darasani kwa sababu usiku halali. Anapigana, au ananyamaza mpaka wenzake wanasema ana mapepo, na shule inamwita shehe au mchungaji kabla ya kumwita mtu wa afya. Mwalimu naye anainua fimbo, ambayo kanuni za tangu 1979 zinairuhusu shuleni kwa masharti. Tunao madaktari bingwa wa magonjwa ya akili wachache mno, na wengi wao wako mijini. Yule wa kumsikiliza mtoto wa kijijini Misungwi au Kasulu hatatoka hospitali ya akili ya Mirembe. Atakuwa mwalimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au mama wa kamati.

Je, hao wanaweza? Wanaweza, na ushahidi uko hapahapa. Moshi kwetu na Bungoma kwa jirani zetu wa Kenya, mjini na vijijini, watafiti wakiongozwa na Shannon Dorsey waliwachukua watu wa kawaida wasio na taaluma ya afya ya akili, wakawafundisha tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wenye kiwewe. Watoto walikuwa 640, wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Walikutana kwa vikundi mara kumi na mbili, pamoja na vikao vya mtoto mmoja mmoja, na walezi wao wakihusishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: tiba ilipokwisha, katika maeneo matatu kati ya manne waliopata tiba hiyo walikuwa wamepata nafuu ya kiwewe kuliko waliopata huduma za kawaida.

Wengi wanaisimulia habari hii kana kwamba siri ni mwongozo wa tiba. Mwongozo upo, tuuchapishe hata kesho kwa nakala elfu. Siri iko mahali ambapo wasomaji wa ripoti huruka. Wale washauri walikuwa na msimamizi wao, mwenyeji wa hapohapo, aliyekwisha kuifanya kazi hiyo mwenyewe, na kila wiki walikaa naye kupitia mtoto mmoja baada ya mwingine: huyu tumefika wapi, alisema nini, wewe ukajibu nini, wiki ijayo unafanya nini. Kila wiki, Mheshimiwa. Msimamizi naye alikuwa na wa kumwongoza. Nisidai zaidi ya kilichoonekana: wale walikuwa watoto waliofiwa, si lazima waliobakwa, na eneo moja halikuonyesha tofauti. Lakini sijaona nchini mwetu jaribio jingine linalotuonyesha waziwazi namna hiyo mahali fedha inapotakiwa kwenda.

Na nisionekane ninapinga kila semina. Mabula Nkuba na wenzake waliwafundisha walimu wa sekondari zetu za serikali kwa siku tano na nusu namna ya kuongoza darasa bila kipigo, na katika matokeo ya mwaka 2018 ukali wa walimu hao ulipungua, ukilinganisha na shule ambazo hazikupata mafunzo. Kilichowasaidia, nionavyo, ni kwamba muda mwingi walifanya mazoezi ya mambo wanayokutana nayo darasani kila siku, badala ya kusikiliza ufafanuzi wa sera. Wale wenzangu wawezeshaji tunaopenda kuanza na "dhana ya ukatili" na kumaliza na "changamoto na njia ya mbele" tungejifunza kitu hapo.

Najua jibu litakalotoka kwa wataalamu wako: usimamizi upo, tunao usimamizi shirikishi. Ni kweli upo. Gari linafika likiwa na watu wanne na dodoso. Wanakagua kama rejista imejazwa, kama bango la 116 limebandikwa, kama kuna chumba cha faragha. Wanasaini kitabu cha wageni. Sijapata kuona dodoso lenye mstari unaosema: chagua mtoto mmoja aliyekutatiza mwezi huu, tumzungumzie. Ukaguzi una kazi yake. Ila mtumishi hamwambii mkaguzi kwamba ameshindwa, kwa sababu mkaguzi ndiye anayeandika ripoti.

Kuna jambo jingine ambalo semina zetu hulizunguka. Wasichana waliohojiwa mwaka 2009 walikuwa na umri wa miaka 13 hadi 24. Wamekua. Ndio manesi wa zamu ya usiku leo, ndio askari wa madawati, walimu wa malezi, maafisa ustawi, na waliokuwa wavulana nao wamo. Ukiingia ukumbini ukakuta wanawake thelathini wa rika hilo, kwa hesabu za utafiti wetu wenyewe karibu tisa kati yao yaliwapata. Mwezeshaji anapandisha picha ukutani na kuuliza, "Nani anaweza kutupa dalili za mtoto aliyenajisiwa?" Mtu mmoja anainuka kwenda msalani na harudi mpaka chakula cha mchana. Tunasema ana simu. Mtumishi huyo kesho atampokea mtoto, na kila atakachokisikia kitagusa lake. Wengine hupata njia ya kuishi nalo, wakawa wasikilizaji wazuri kuliko sisi sote. Wengine hukauka. Wanakuwa wakali kwa watoto, wanasahau majina, wanaomba uhamisho, wanakunywa. Waraka wa nidhamu hauwasaidii. Wanachohitaji ni mtu mwenye ujuzi wa kukaa nao faragha, ambaye hawapimi utendaji wao, na ambaye kuonana naye ni sehemu ya kazi kama ilivyo kuvaa glavu kwa nesi.

Sasa la posho, tuliseme kwa kuwa kila mtu analijua. Semina hudumu kwa sababu ya posho. Mshahara wa afisa ustawi wa wilayani ni mdogo, na siku mbili za hoteli Morogoro humlipia ada ya mtoto. Simcheki mtu kwa hilo. Mfadhili naye anataka idadi: watumishi 120 wamejengewa uwezo, picha ya pamoja, ripoti imetumwa. Simu ya dakika arobaini kila Alhamisi kati ya msimamizi na maafisa watano haipigwi picha. Kwa hiyo anayeweza kugeuza jambo hili si mtumishi wala mwezeshaji. Ni yule anayepitisha mpango na bajeti, na anayeketi na wafadhili kabla hawajaandika masharti yao.

Ningeanza hivi. Katika kila fedha ya mafunzo itakayoombwa chini ya MTAKUWWA, kusiwe na kifungu cha semina kisichoandamana na kifungu cha usimamizi wa mwaka mzima kwa washiriki walewale. Wasimamizi tunao: Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, ambayo imekuwa ikifundisha tangu miaka ya 1970, vyuo vikuu, na wastaafu kama mimi ambao tungefurahi kutumika kwa malipo ya kawaida. Kusiwe na haja ya gari kila mara. Simu inatosha mara tatu kati ya nne. Wafundishwe pamoja walio wilaya moja, yaani askari wa dawati, nesi, tabibu, afisa ustawi, mwendesha mashtaka na hakimu, juu ya kesi zao wenyewe zikiwa zimeondolewa majina, badala ya kila idara kuwapeleka watu wake kwenye hoteli yake. Hao wakikubaliana nani amhoji mtoto na mahojiano yarekodiwe, mtoto hatakuwa na haja ya kusimulia jambo lilelile kwa mtendaji, kwa askari, kwa nesi, kwa daktari, kwa wakili wa serikali, halafu mahakamani. Na katika kila halmashauri awepo mtu wa nje ya mnyororo wa madaraka ambaye watumishi hawa wanaweza kumwona kwa ajili yao wenyewe, bila jina kuandikwa kwenye faili.

La mwisho haligharimu hata shilingi, nalo liko nje ya wizara yako, lakini sauti yako itasikika. Askari wa dawati akishafundishwa, akishaanza kuaminiwa na watoto wa wilaya ile, mara anahamishiwa usalama barabarani. Nafasi yake inachukuliwa na kijana ambaye hajapata kuketi na mtoto, na tunaanza upya kuomba fedha za semina. Naomba uzungumze na Mheshimiwa mwenzako wa Mambo ya Ndani, askari hao wakae kwenye madawati angalau miaka mitatu, na atakayehamishwa akabidhi kesi zake kwa mrithi wake ana kwa ana, huku watoto wenyewe wakijulishwa mapema kwamba atakuja mtu mwingine na jina lake ni nani.

Wako katika kazi,

Afisa Ustawi wa Jamii mstaafu,
Mwanza.

Nakala: TAMISEMI, Wizara ya Afya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto, wafadhili wa mafunzo ya ulinzi wa mtoto.